Siwezi Kuchanja Kitanda Kizuri

Shangazi wa redio, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha vitanda vya chuma, tunapaka rangi ya unga, na tangu siku ya kwanza nimepigwa butwaa na sijapona, maana dada mmoja tunayemwita Bunduki, kwa ile bunduki yake ya kupulizia rangi, anapuliza unga mkavu, umeme unaunasa kwenye chuma hata nyuma ya bomba ambako hakuelekeza, kitanda kinaingia kwenye tanuri kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga, halafu kinatoka kinang'aa mpaka najiona meno, na mimi natakiwa nichukue wembe nikichanje! Ndiyo kazi yangu, kuchanja vimistari kama daftari la hesabu, nibandike utepe, niuvute, rangi ikibanduka mzigo wote unarudi. Shangazi, mkono uligoma. Wiki tatu nimekuwa nikitazama tu, nasema jamani kazi hiyo, nagonga muhuri wa IMEPITA. Jana nikajikaza, nikachanja kimoja, utepe ukaja na rangi yote, chini yake chuma kina mafuta. Vitanda arobaini vya wodi ya watoto vinapakiwa Ijumaa. Nikisema, kazi sina, na Bunduki aliyenipokea kama mdogo wake atalaumiwa. Nifanyeje?

Mkaguzi Mwoga

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa mshangao, sikujua kitanda cha hospitali kina maajabu hayo. Lakini umenikasirisha. Mtoto anayeota meno akisimama kitandani anatafuna nini? Hicho chuma cha pembeni. Wewe umeihurumia rangi, yeye nani amhurumie?

Ijumaa ni mbali. Ukizima redio, nenda kwa meneja na utepe huohuo, sema, "Nimegonga muhuri bila kupima." Usizunguke. Taja na vitanda vya wiki zote tatu, vifuatwe viliko. Huenda ukafukuzwa, sikufichi. Na usijidanganye kwamba unamlinda Bunduki: mafuta yale ni kosa la waliosafisha chuma kabla hakijamfikia, na bila wembe wako nani angejua?

Wakikubakiza, omba kipande cha chuma kipakwe na kuchomwa pamoja na kila mzigo, uchanje hicho kama kuchanja kitanda kunakuuma. Mwite Bunduki asimame karibu. Bandika, vuta. Utepe ukitoka mtupu, hapo sasa shangaa, mwanangu, shangaa mpaka ushibe.