Ua la ku mukono wa koti ya Guy

Carine, maaskari wamemukamata kaka yangu Guy. Sasa hivi, hapa Cimpunda, mbele ya nyumba.

Ni juu ya ile koti ya mitumba nilimununulia ku soko ya Kadutu, upande mumoja mweupe, mwingine kijani. Alivaa mweupe inje. Mvua ikaanza, akaigeuza ili isichafuke. Maaskari wakamuona.

"Raia anageuza koti kwa nini? Unamukimbia nani?"

Ku mukono wa koti kuna ua limeshonwa; mukubwa wao akalitafuta mu telefone. "Iko ya maaskari Wajeremani wa milima, wa vita ya zamani. Sasa wewe ni Mujeremani?" Wote wakacheka. Nikafikiri imeisha.

Halafu akalivuta. "Uzi ni mupya. Nani alilishona? Ni alama ya kikundi gani?"

Ni mimi, Carine. Lilikuwa linaanguka, nikaona ni zuri, nikalishona. Na nikamuacha Guy ajibu.

Guy akaniangalia, akamuambia yule mukubwa: "Ni mimi, chef." Guy mwenye hajui hata kuingiza uzi mu sindano. Wakamupeleka ku kambi yao.

Kuja twende wote. Nitasema ni mimi. Unishike tu mukono mupaka nimalize kusema.