Ati Hakuna Tofauti

Manze Jepkosgei, nasari yangu ya Kaptembwo inafungwa! Na nimeaibishwa mbele ya wazazi wote!

Si unamkumbuka yule mtafiti wa Nairobi? Yule aliyerusha shilingi kila nyumba kuchagua mtoto mmoja aingie darasani kwangu, ndugu yake abaki nyumbani, ndio aone kama nasari inasaidia?

Leo amewapima wote. Ati hakuna tofauti. HAKUNA TOFAUTI! Wale wa nyumbani wanasoma na kuhesabu sawa na wangu. Akatangaza, "Huyu teacher amekuwa akiwaimbisha tu." Wazazi wakacheka!

Halafu Cheruto, mmoja wa wale wa nyumbani, akasema, "Lakini ndugu yangu Kipkirui akitoka kwa teacher ananifundishanga jioni. Yeye ndio teacher, mimi ndio darasa."

Nikaruka: "Umesikia? Wamefundishwa na wanafunzi wangu!"

Unajua yule mtafiti alisema nini? Mimi hata hakuniangalia. Alimgeukia mama yao: "Kumbe ni wewe umetuharibia ushahidi. Ungewatenganisha."

Ungewatenganisha, Jepkosgei! Mama wa watu ana chumba kimoja!

Mama akamuuliza polepole, "Sasa jioni ningemfungia nani nje?"