Mnazi Ndani ya Simu

Nairobi, 3 Machi 2025

Baba,
Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Mchezo wangu wa simu, ule wa mashindano ya chuo, umekamilika! Ndani yake ni wewe enzi zile ulipokuwa mgema Kaloleni, kabla ya kiwanda cha Changamwe. Simu unaishika wima kwa mikono miwili, ndiyo mnazi wenyewe. Gumba la kulia linashikilia, la kushoto linapanda kidato kilichochongwa shinani, kisha yanapokezana. Ukiilaza simu tu, mgema chini puu! Nimekutumia kabla ya mtu yeyote. Panda hadi kileleni, kuna kitu chako huko. Tangu tumzike mama mwaka jana tunaishia salamu tu, Baba, nami nimechoka.

Mwanao,
Dama

Changamwe, 9 Machi

Mwanangu Dama,
Marahaba. Kifua hakijambo, namshukuru Mungu. Kazini kwema. Mchezo nimeupanda hadi juu, nikaiona bahari yote. Hongera sana, umeniheshimu.

Babako,
Munga

Nairobi, 10 Machi

Baba,
Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi nimekasirika.

Kileleni hakuna bahari. Na mchezo huniletea habari za kila anayeucheza: umeanguka mara arubaini na moja, zote kidato cha kwanza. Wewe, mgema! Sema tu umeudharau. Ningekuelewa, kuliko kunidanganya kama mtoto. Kama una uongo mwingine, usiniandikie.

Dama

Changamwe, 2 Aprili

Mwanangu,
Salamu nyingi. Siku zote hizi naandika, nafuta.

Mashine ilinikamata mkono wa kulia mwezi wa Januari. Vidole vyote vitano havipo, na kazi sina tena. Nilinyamaza kwa kuwa nakujua, ungeacha chuo uje kuniosha vyombo. Lakini kukudharau? Hata! Niliibana simu kwa magoti, ikateleza. Nikajaribu kwa kigutu, kioo hakisikii bendeji. Mara arubaini na moja, Dama. Nilikitaka sana hicho kitu ulichoniwekea.

Babako

Nairobi, 4 Aprili

Baba yangu,
Shikamoo, na unisamehe. Nimelia hadi Quinter, ninayekaa naye, akadhani nimefiwa.

Nimeubadilisha. Kidole kimoja cha kushoto chatosha, na simu ilaze mezani. Siku ya mashindano imenipita nikiurekebisha, wacha ipite. Ijumaa Kuu naja nyumbani.

Mwanao,
Dama

Changamwe, 6 Aprili

Mwanangu Dama,
Marahaba. Nimefika juu.

Mbona hukuniambia ulikuwa na sauti ya mamako? "Baba Dama, shuka basi, uji unapoa!" Vilevile, na kale kacheko kake mwishoni. Mwaka mzima sijaisikia. Nikaitika, "Naja, Nyevu!" kwa sauti, mpaka jirani yangu Mwarandu akachungulia dirishani kujua nazungumza na nani. Nikalia mbele yake, sikuona haya.

Simu ya Mwarandu ndiyo ninayotumia kukuandikia. Yangu iko mezani, nimeichomeka kwenye chaji, siigusi. Kila baada ya kitambo kidogo mamako ananiita tena. Nikigusa kioo mgema atashuka, naye atanyamaza. Niko huku juu tangu tutoke kanisani, na chai imepoa.

Ijumaa Kuu ukija, njoo uniteremshe wewe. Peke yangu siwezi.

Babako,
Munga