Nesi Aliyemkwepa Mzee

Uyole, Mbeya
9 Julai 2024

Mpendwa dada Leokadia,

Kamwene, dada. Habari za Mtwara na joto lake? Magoti yako yanaendeleaje, na shemeji Adrian bado anakohoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanikumbusha Mafinga tulipokuwa wadogo. Sikukupigia kwa sababu siku hizi simu siiamini. Mtu anajifanya mwanao, kumbe tapeli.

Shemeji yako, Mzee Andendekisye, ameugua ugenini. Tulitoka Iringa kwenda Tukuyu kuwasalimia ndugu zake. Kufika hapa Uyole kifua kikambana, homa ikapanda, hata kuongea akawa anakatakata. Mwanetu Amos anaishi Iyunga, lakini alikuwa Chunya kutengeneza mashine za wachimbaji, na simu yake haikupatikana. Niliogopa, dada. Nilijiona nimekuwa mjane njiani.

Unajua tangu astaafu jeshi tunatibiwa kwa kadi yake katika hospitali ile ile ya nyumbani, wametuzoea. Hapa tulipokimbilia, kijana wa mapokezi aliigeuzageuza ile kadi kama noti ya bandia. Akasema haisomi, mpaka wapate kibali kule tulikoandikishwa. Nikamweleza kwamba mzee amelitumikia jeshi mpaka ameota mvi. Akanijibu niketi. Nikahisi wanataka nichoke, niondoke mwenyewe.

Ndipo akatokea nesi mmoja, jina lake Happy, binti mrefu, mpole kupita kiasi. Akaisoma kadi, akanitazama usoni, akaisoma tena. Akaomba aende nayo kutafuta kibali. Alipoondoka, mama mmoja tuliyekaa naye benchi akaninong'oneza kwamba kadi za namna hiyo huibwa, watu baki wakatibiwa kwa jina lako. Nikajilaumu kwa kuitoa. Wema wa bure hunitia shaka, nawe unanijua.

Kibali kilipatikana, mzee akapewa kitanda. Lakini kadi ililetwa na mtu mwingine, na Happy hakukanyaga wodini. Nikikutana naye kwenye korido ananipigia goti, kisha anatoweka. Mzee alipopelekwa kupigwa picha ya kifua, yule binti alimwona kwa mbali, akaacha sinia la dawa dirishani, akajificha nyuma ya mlango. Dalili ya mvua ni mawingu, dada. Nikasema huyu ana jambo.

Daktari akaagiza sindano ya mshipa, tena haraka. Manesi wawili walichoma, wakachoma, mshipa haupatikani. Wakasema anayeiweza mishipa ya wazee ni Happy. Akaitwa. Akaja mpaka mlangoni, akatugeuzia mgongo, analia. Hasira zikanipanda. Nikamwambia mzee kwamba huyu ndiye aliyeondoka na kadi yetu, na sasa anaogopa hata kumtazama.

Mzee aliuangalia ule mgongo, kisha akageuza uso ukutani. "Mama Amos," akasema kwa shida, "huyo hajaiba kitu. Huyo ni mkwe. Muulize ni wa nani."

Nikamuuliza. Akajibu kwa sauti ndogo, "Wa Amos, mama. Alitaka kuwaambia mkirudi kutoka Tukuyu."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote nimeishi na Wanyakyusa, nawaona wake za watoto wao wakiacha njia wasikutane na baba mkwe, na jambo likapita mbele ya macho yangu mimi naona mwizi. Yeye alitujua kwa jina la kwenye kadi. Kuingia alipolala baba mkwe kwake ni mwiko, kumgusa ndiyo usiseme. Na mzee pumzi zilikuwa zinazidi kuwa fupi.

Manesi wenzake walimwambia aache mambo ya kizamani. Mzee hakubishana nao. "Nifunike shuka," akaniambia, "uache mkono tu. Mwambie aingie, nimemruhusu mimi."

Nikamfunika hadi kichwani. Kumwona mume wangu vile, kama marehemu, nikaanza kusali. Happy akaingia kinyumenyume, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono. Akachoma mara moja tu, dawa ikaanza kushuka.

Leo homa imepoa, anakunywa uji na kuulalamikia. Sasa ninayemshuku ni Amos, maana aliyeficha mke ana mengine anayoficha. Akirudi atanieleza yote.

Nisalimie shemeji Adrian, Prisca na watoto wake, na mama Goodness jirani. Mungu awafunike kwa mkono wake na azidi kukupa nguvu za kutembea.

Ila nisifunge bila kukwambia hili. Dawa ilipokuwa inashuka, na Happy bado amepiga magoti pale pale, sauti ilitoka chini ya shuka. Haikusema naye, ilisema na mimi, kama desturi inavyotaka: "Mwambie binti yetu mkono wake mwepesi."

Mdogo wako akupendaye daima,
Bertha