Ombi Lililopitia kwa Daudi na Mama

Mwanangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako ilinifikia jana, pamoja na ombi lako. Ulimwambia kaka yako Daudi, Daudi akamwambia mama yenu, na mama akaniletea pamoja na uji: Neema wa Itigi anaomba ruhusa ya kuja kumwona baba yake mgonjwa. Mtu mzima, mwenye watoto sekondari, anaomba ruhusa. Uji ulipoa.

Utaratibu huo niliuleta mimi. Mlipokuwa wadogo nilikuja likizo kutoka kikosini, nikawapangia vitunguu uani kuwaonyesha jeshi lilivyo. Vitunguu vichache ni seksheni, mkuu wao koplo. Seksheni tatu ni platuni, ya luteni. Platuni zinaunda kombania, kombania zinaunda batalioni, juu yake brigedi, kisha kamandi: ya nchi kavu, ya anga, ya wanamaji. Juu ya wote, Mkuu wa Majeshi. Ukauliza askari wa chini akiwa na shida anamwendea nani. Nikasema koplo wake, haruki ngazi. Tangu siku hiyo Daudi akawa koplo wenu, mama akawa luteni.

Unakumbuka ulipochomwa na mwiba? Ulinijia ukichechemea, nikakuuliza umepitia kwa nani. Ukasema, "Baba, mguu ni wangu, si wa Daudi." Nikakurudisha. Daudi akaja na mama yake, akapiga saluti: "Afande, Neema ana mwiba." Mama yenu alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama tusubiri brigedi iidhinishe.

Nisiondoke duniani bila kulisema hili: haikuwa nidhamu. Jeshini ngazi zina kazi yake, maana mkuu mmoja hawezi kusikiliza mamia. Nyumbani mlikuwa wanne tu. Nilikuwa nikirudi siwajui, sijui nani anaogopa nini, nani anapenda nini. Askari nilijua cha kuwaambia. Ninyi mliponitazama mkisubiri neno, niliogopa, nikajificha nyuma ya Daudi na mama yenu.

Sasa mapafu yamechoka, na daktari hafichi. Habari za ndoa yako, za mizinga yako ya nyuki, za wanao, zote nimezisikia kwa vinywa vya wengine. Nataka kukuuliza mwenyewe.

Njoo, Neema. Usimpigie Daudi kwanza, usimwulize mama yako. Ukishuka kwenye basi, ingia moja kwa moja hadi kitandani kwangu, useme na mimi.

Baba yako,
Misigiri