Bosi Akikohoa, Mimi Naanguka

Kamenu, Thika

Kaka Mghanga,

Mko aje hapo nyumbani Voi? Mguu wa Mama umepata nafuu? Mimi mwili uko sawa, ni roho tu imechafuka tangu nisome barua yako. Ati unataka kuuza cherehani ya Mama ununue mashine ya gemu, uiweke hapo sokoni watoto wacheze kwa kulipa? Ati kwa sababu mimi huku nalipwa kucheza? Ngoja nikuambie vile hii kazi iko.

Bosi ameweka TV dirishani mwa duka lake la mashine za gemu, inaangalia barabara. Nacheza, watu wanajaa: wamama wa soko, makanga, wanafunzi. Mtu wangu kwa TV anaruka mashimo, wanapiga makofi. Wakishajaa, bosi anakohoa. Hapo lazima nianguke, tena kwa shimo rahisi, la kijinga. Nilipoanza nilikuwa nashinda mpaka mwisho, bosi akanifokea, "Wewe ukishinda wanafurahi wanaenda zao! Anguka, kila mtu ajione yeye ndiye mkali!" Na ni kweli, kaka. Nikianguka tu utasikia mtu, "Aaa! Hapo mimi ningepita!" Huyo mwenye kelele ndiye anapewa kidude cha kubonyeza acheze, anawekewa steji ya kwanza, ile hata nyanya anaiweza. Akipita, ashanunua.

Na hilo boksi la mashine! Nje wamechora ndege za vita na magari ya mashindano, wameandika gemu mia na mia. Ndani ni chache tu, zinarudi zikiwa zimebadilishwa majina. Juzi baba mmoja wa Ruiru alirudisha yake, wasichana wake wameshachoka nayo. Bosi akamwambia basi anunue kaseti nyingine ya gemu. Yule baba akanigeukia: "Na wewe kijana, si ni wewe ulikuwa unaanguka hapa?"

Sasa sikia kitu kinachonisumbua. Jumapili duka likiwa limefungwa, niliomba ufunguo nicheze yangu, ya kujifurahisha. Unajua vile nilipenda gemu. Nikafika kwa lile shimo, hakuna mtu amekohoa. Nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Mkono umezoea, haungoji niuambie. Kaka, nilikaa hapo nikalia.

Nisalimie Mama, umwambie asikubali cherehani itoke nyumbani, ndiyo ilitushonea yunifomu sisi wote. Msalimie shemeji na mkono wake mzuri wa mahamri, na dada yetu mwalimu, na yule mzee jirani anayetuchungia mbuzi.

Umesema mwisho wa mwezi utakuja ununue hiyo mashine hapa dukani kwetu. Tafadhali usije. Bosi hakujui. Ukisimama hapo nje na wengine atakohoa, na hata nikikuona ni wewe, ndugu yangu, nitaanguka.

Mimi mdogo wako, niliye mbali lakini wenu,
Mwakio