Kitufe cha Kufupisha

Jumatatu, 4 Machi
Programu yetu ya kutengenezea masomo ya mtandaoni imesasishwa, na sasa ina akili bandia ndani yake. Hatukuiomba. Tumeingia ofisini tukakuta kitufe kipya kwenye skrini. Bosi anataka nikijaribu wiki nzima, nimwambie kama kina faida. Nimekipa somo la kuzima moto. Maswali, picha, muhtasari — vyote tayari nikiwa bado nakoroga chai. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimekipa sauti yangu kijifunze, nisijifungie tena stoo kurekodi upya, blanketi kichwani, kwa sababu ya kukosea neno moja. Kimeniiga sawasawa, hata ile pumzi ninayovuta kabla ya onyo. Mwili ulinisisimka. Lakini tuseme ukweli, kinafaa. Nimemwandikia bosi hivyo hivyo. Kafurahi, kaniita hazina ya kampuni. Sijui kwa nini sikupenda.

Ijumaa, 8 Machi
Mdogo wangu kapita kuchukua sufuria yake. Anasafisha matangi kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia — wateja wetu. Somo la kuingia tangini nililitunga mimi. Kanitania, eti nimezidi kurudia: subirini hewa ipimwe, subirini hewa ipimwe — mpaka wanaiimba wakivaa buti. Na waimbe! Nimeiweka mara tatu makusudi. Hewa mbaya haionekani, na mwenye haraka haachi kuruka kurasa. Mama aliniachia huyu mmoja tu.

Jumatatu, 11 Machi
Kumbe bosi kabonyeza "fupisha yote" tangu Jumamosi. Masomo yote, wateja wote. Anasema watu wanamaliza kwa nusu ya muda, kiwanda kimepiga simu kushukuru. Nikauliza nani kayapitia. Akasema, si wewe uliyesema kinafaa?
Nimeanza kuyafungua moja moja. La huduma kwa wateja — safi, zuri kuliko langu. La moto — safi. Sipati pa kukikamatia, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumanne, 12 Machi
Nimefika kwenye somo la tangi. Fupi, linapendeza. Sauti yangu, tulivu kabisa: vaa mkanda, fungua mfuniko — pumzi — ingia. Onyo halipo. Sehemu zote tatu. Kimeona marudio, kikafuta yote. Kimebakiza pumzi tu.

Kuna ujumbe wa sauti wa mdogo wangu, wa asubuhi, sikuwa nimeusikiliza. Dada, leo tuna tangi kubwa. Nimesikia somo jipya, kumbe siku hizi hakuna kusubiri kupima hewa? Mbona hukuniambia? Wenzangu walibisha, nikawaambia huyu ni dada yangu, akiliondoa jambo ujue halina haja.

Nampigia. Haipokelewi, simu zao hubaki makabatini. Nampigia tena.

Nimempata msimamizi wao. Nimemwambia awatoe watu tangini, sasa hivi. Kanituliza: usijali dada, wamefuata somo lako neno kwa neno. Nimemsihi. Kasema sawa, nisikate, anaenda kuwaita.

Naandika huku simu iko sikioni, nisipige kelele ofisini. Namsikia anaita. Sasa anagonga bati la tangi. Anaita kwa jina la mdogo wangu. Anagonga tena —